Mkoba wa Tshombe, shaba ya Katanga na swali la nani anaweza kungoja

Tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 2025, serikali ya Kongo ilisimamisha kwa miezi minne usafirishaji wote wa kobalti kwenda nje ya nchi. Siku zile, upande wa mashariki, watu wengi hawakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za Kolwezi. Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, na familia zilizokuwa kambini Bulengo na Lushagala zilikuwa zimepewa siku chache tu kubomoa vibanda vyao na kuondoka. Habari ya kobalti ilipita redioni kama gari lisilosimama kituoni.

Lakini uamuzi ule uligusa swali ambalo Kongo imejiuliza tangu kabla ya uhuru. Ukiwa na mali ambayo wakubwa wa dunia wanaihitaji, ni vema kukaza au kulegeza? Wako wanaosema nchi yetu imekuwa maskini kwa sababu viongozi wake waliweka sahihi kila karatasi waliyoletewa. Wako wengine wanaosema kila mara tulipokaza shingo, shingo ndiyo iliyovunjika. Pande zote mbili zina mifano, na mifano ile ina tarehe na majina. Inafaa kuitazama kwa utulivu, maana wengi wanaibishania wakiwa wamesikia nusu yake tu.

Mama anayeuza sambaza Kituku anaielewa habari hii kuliko wanasiasa wengi. Asubuhi anaweza kukataa bei ya mnunuzi, na akamwambia aende zake. Saa kumi jioni, jua likiwa limepiga samaki siku nzima, ni mnunuzi ndiye anayesema bei. Mwenzake anayeuza maharagwe hana shida hiyo: akikosa bei leo, anafunga gunia na kurudi kesho. Mama wa sambaza anaweza kuwa mkali kuliko yule wa maharagwe, anaweza kuwa na maneno mengi zaidi, lakini jioni itamkuta. Historia ya shaba ya Katanga inafanana sana na hiyo ya soko, isipokuwa kwamba shaba haiozi. Kilichokuwa kinaoza ni hazina ya serikali.

Mambo yalianza Brussels mwaka 1960. Watu wengi wanakumbuka Meza ya Duara ya kwanza, ile ya siasa, iliyofanyika kuanzia tarehe 20 mwezi wa kwanza mpaka tarehe 20 mwezi wa pili. Huko ndiko Wakongomani walikaza na wakashinda. Vyama vilivyokuwa vinagombana nyumbani viliungana mbele ya Wabelgiji, vikadai Lumumba atolewe gerezani aje kukaa mezani, vikadai tarehe ya uhuru iwe karibu. Lumumba alitolewa, akaja. Tarehe ikawa 30 mwezi wa sita. Katika majadiliano yote ambayo Kongo imefanya na nchi za nje, huenda hakuna ushindi wa haraka kama ule.

Ila kulikuwa na meza ya pili, nayo haizungumzwi sana. Meza ya Duara ya uchumi ilifunguliwa tarehe 26 mwezi wa nne na ikafungwa tarehe 16 mwezi wa tano, 1960. Hapo ndipo palikuwa na hesabu za makampuni, deni la koloni, hisa za serikali na sarafu. Na wakati huohuo kulikuwa na kampeni za uchaguzi nyumbani. Viongozi wakubwa walikuwa Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville wakitafuta kura. Walituma vijana, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakisoma Ubelgiji. Chama cha Lumumba kiliwakilishwa na kijana wa miaka 29, aliyekuwa askari wa Force Publique kisha mwandishi wa magazeti. Jina lake Joseph-Désiré Mobutu.

Upande wa pili wa meza walikaa watu waliojua kila ukurasa wa mahesabu yale kwa miaka mingi. Tusiwalaumu vijana. Ukoloni ulikuwa umehakikisha kwamba Wakongomani waliomaliza chuo kikuu wanahesabika kwa urahisi, na mtu hawezi kukaza juu ya jambo ambalo hajaonyeshwa karatasi zake. Meza ile ilimalizika bila jambo kubwa kuamuliwa juu ya hisa na deni. Kazi iliachiwa siku za mbele.

Wabelgiji hawakungoja siku hizo. Katika mwezi wa sita, siku chache kabla bendera haijabadilishwa, mambo mawili yalifanyika. Kwanza, sheria mpya ya Ubelgiji iliyaruhusu makampuni ya koloni kuchagua kuwa makampuni ya Ubelgiji. Pili, ile taasisi iliyoitwa Comité Spécial du Katanga, yenye hisa na kura nyingi ndani ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ilivunjwa. Theluthi mbili za Comité hiyo zilikuwa za serikali ya koloni, yaani za Kongo ya kesho. Theluthi moja ilikuwa ya kampuni binafsi, Compagnie du Katanga. Ilipovunjwa, hisa ziligawanywa, na pamoja na kugawanywa kwake, ile nguvu ya kura ambayo serikali mpya ingeirithi ndani ya Union Minière ikapungua sana. Hakuna risasi iliyopigwa. Ilikuwa karatasi na muhuri, siku tatu kabla ya uhuru.

Union Minière haikuwa kampuni kama nyingine. Ilianzishwa mwaka 1906. Ilikuwa na reli, umeme, hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi. Kufika miaka ya 1960 ilikuwa inatoa kwa mwaka tani zaidi ya 300,000 za shaba, pamoja na kobalti nyingi kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na kodi zake zilibeba sehemu kubwa mno ya mapato ya serikali. Wakati Moïse Tshombe alipotangaza tarehe 11 mwezi wa saba, 1960, kwamba Katanga imejitenga, kampuni ililipa kodi zake kwake, si kwa Léopoldville. Kwa miaka miwili na nusu, mpaka mwanzo wa 1963, serikali ya Kongo ilikuwa kama baba wa nyumba ambaye mshahara wake unachukuliwa na jirani.

Ndiyo maana inachekesha kidogo, na inasikitisha pia, kwamba mtu aliyeenda kuidai mali ile Brussels alikuwa Tshombe huyohuyo. Mwaka 1964 alirudishwa kutoka uhamishoni akawa waziri mkuu wa Kongo nzima. Tarehe 6 mwezi wa pili, 1965, alifikia mapatano na waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, Paul-Henri Spaak, juu ya ule ugomvi wa mali na deni uliokuwa umelala tangu 1960. Ubelgiji ilikubali kubeba sehemu ya deni la koloni, mfuko wa pamoja ukaanzishwa kwa ajili ya sehemu nyingine, na Kongo ikapewa hisa zake, pamoja na zile za Union Minière. Tshombe alirudi Léopoldville na mkoba wa ngozi, akauinua mbele ya watu. Kwa Kifaransa neno la mkoba na neno la mali ya hisa ni moja, kwa hiyo kila mtu alielewa: mali imerudi nyumbani.

Je, ilikuwa imerudi? Hapa wanahistoria hawaafikiani. Wengine wanasema Tshombe, kwa kuwa alijulikana na kuaminiwa na mabwana wa Brussels, alipata bila kelele kile ambacho wakali hawakukipata kwa miaka mitano. Wengine wanasema alipewa hisa bila mamlaka. Kongo ilikuwa na viti ndani ya halmashauri ya kampuni, lakini makao makuu yalibaki Brussels, maamuzi yalibaki Brussels, na bei ya shaba iliamuliwa na watu ambao hawakuwahi kupiga simu Léopoldville kabla ya kuamua. Yote mawili ni kweli. Mapatano yanaweza kuwa mazuri siku ya kutia sahihi, halafu yakaonekana madogo mwaka unaofuata, hasa aliyeyafanya akiwa amefukuzwa. Tshombe aliondolewa katika mwezi wa kumi, 1965. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, Mobutu alichukua utawala.

Mobutu aliyeketi meza ya pili mwaka 1960 hakuwa amesahau. Tarehe 7 mwezi wa sita, 1966, ilipitishwa sheria iliyopewa jina la mbunge aliyeileta, sheria ya Bakajika, ambayo ilisema ardhi na madini yaliyo chini yake ni mali ya taifa la Kongo. Kisha serikali ikaidai Union Minière ihamishie makao yake makuu Kongo kabla ya tarehe 1 mwezi wa kwanza, 1967. Kampuni ilipendekeza kujigawa vipande viwili, kimoja cha Kongo na kimoja cha Ubelgiji. Hawakuelewana juu ya nani atakayeongoza kile cha Kongo. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili serikali ilizuia shaba isitoke. Mwaka mpya ulipoingia, mali za Union Minière zilizokuwa Kongo zilichukuliwa na kukabidhiwa kampuni mpya ya taifa, Gécomin, ambayo baadaye tumeijua kwa jina la Gécamines.

Wazee waliokuwa vijana wakati ule wanasimulia furaha ya siku hizo. Na kweli, kulikuwa na sababu ya kufurahi. Nchi changa, iliyokuwa imetoka katika uasi na vita, ilikuwa imeinyang'anya moja ya kampuni kubwa za Afrika. Swali ni kile kilichofuata katika wiki sita za kwanza za mwaka 1967, na hapo tunarudi Kituku.

Union Minière ilifanya mambo mawili. Ilitangaza kwamba shaba yoyote itokayo Katanga ni mali yake iliyoibwa, na kwamba itampeleka mahakamani mtu yeyote atakayeinunua. Na likawepo suala la mafundi na mainginia Wabelgiji: kampuni ilikuwa tayari kuwaondoa. Serikali ilitafuta washirika wengine, Ulaya na Marekani. Wengi waliuliza maswali, lakini hakuna aliyetaka kununua kesi pamoja na shaba. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga ilikuwa ikienda kusafishwa Ubelgiji, Hoboken na Olen. Viwanda vile haviwezi kuhamishwa kwa amri ya rais.

Sasa hesabu ilikuwa rahisi. Union Minière ilikuwa na fedha zake za akiba Ulaya, na hisa katika makampuni mengine. Iliweza kungoja mwaka, labda miwili. Serikali ya Kinshasa ilitegemea shaba kwa fedha za kigeni, na kwa fedha hizo ililipa askari, walimu, mafuta na unga kutoka nje. Kila wiki shaba ikilala Lubumbashi, hazina ilikuwa ikinuka kama sambaza za jana. Lakini upande wa pili nao haukuwa salama. Viwanda vya Ubelgiji bila madini ya Katanga vingebaki na majengo matupu na wafanyakazi bila kazi. Na wakubwa wa Brussels walijua kwamba, wakichelewa sana, Mmarekani au Mjapani anaweza kukaa kwenye kiti chao.

Kwa hiyo, tarehe 15 mwezi wa pili, 1967, walipatana. Njia waliyoipata ilikuwa ya kuokoa uso wa kila mmoja. Kongo haikupatana na Union Minière, ambayo rais alikuwa ameitukana mbele ya taifa. Ilipatana na Société Générale des Minerais, kampuni nyingine ya familia ileile ya Société Générale de Belgique. Huyo ndugu wa Union Minière angetafuta mafundi, angesimamia kazi na kuuza shaba, na angelipwa sehemu ya mauzo. Wabelgiji waliotoka kwa mlango wa mbele walirudi kwa mlango wa jikoni, wakiwa na kofia nyingine.

Mwezi wa tisa, 1969, mapatano ya pili yalimaliza suala la fidia. Kampuni ileile ingepokea asilimia 6 ya thamani ya madini kwa miaka 15, kisha asilimia 1 kwa miaka 10 mingine, fidia ikiwa ndani ya fedha hizo. Kwa maneno mengine, katika kila tani mia moja zilizotoka Katanga, bei ya tani sita ilikwenda kwa Wabelgiji.

Ukiuliza nani alishinda, jibu la kweli halifai kwa hotuba. Kongo ilipata umiliki wa migodi, jambo ambalo mkoba wa Tshombe haukulileta. Bila ule ukali wa mwisho wa 1966, Wabelgiji wasingekubali kuwa watu wa kulipwa asilimia badala ya kuwa wenye mali. Lakini bila mapatano ya 1967, ule ukali ungekuwa umeua nchi kwa njaa kabla ya Pasaka. Walikaza mahali palipofaa, wakalegeza kabla ya jioni. Kosa, kama kulikuwa na kosa, lilikuja baadaye: miaka ile waliyoinunua kwa asilimia 6 haikutumiwa vya kutosha kujenga viwanda vya kusafishia shaba hapa nyumbani wala kutafuta wanunuzi wengine. Mwaka 1974 serikali ilianzisha shirika lake la kuuza madini, Sozacom. Mkono wa kuuza ulibadilika, lakini madini mengi yaliendelea kupita Ubelgiji.

Somo ambalo Mobutu alilichukua lilikuwa tofauti. Aliona kwamba ukali unalipa. Mwaka 1967, Kongo, Zambia, Chile na Peru zilikutana Lusaka zikaunda umoja wa nchi zinazouza shaba, CIPEC. Baada ya nchi za mafuta kuonyesha nguvu zao mwaka 1973, wengi waliamini shaba nayo itafanya vilevile. Mwaka huohuo, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, na matokeo ya uamuzi ule kila familia ya Kivu yenye wazee inayajua: maduka yaliyofilisika, mashamba ya kahawa yaliyoota nyasi. Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda sana, halafu ikaanguka. CIPEC ikajaribu kukaza: wanachama walikubaliana kupunguza usafirishaji kwa asilimia 10 tangu mwisho wa 1974, kisha asilimia 15. Bei haikusimama. Viwanda vya Ulaya, Marekani na Japani vilikuwa vimepunguza kazi, shaba chakavu ilikuwa nyingi, na nchi zisizokuwa ndani ya umoja ziliendelea kuuza. Chile ilihitaji dola na haikupenda kupunguza. Na Zaire yenyewe, reli ya Benguela ilipofungwa na vita vya Angola mwaka 1975, ilijikuta ikitafuta njia ya kupitisha hata kile kidogo ilichotaka kuuza. Mafuta yalikuwa maharagwe. Shaba, kwa nchi zenye madeni, ilikuwa sambaza.

Kuna kisa kimoja cha kobalti kinachostahili kukumbukwa, ingawa hakikuwa majadiliano hasa. Mwezi wa tano, 1978, wapiganaji kutoka Angola waliingia Kolwezi. Mafundi wa kigeni walikimbia, migodi ikasimama, na dunia iliogopa kukosa kobalti. Bei ilipanda mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo wa mwaka. Kinshasa ilifurahia bei ile. Lakini ndani ya miaka michache viwanda vya sumaku vilikuwa vimejifunza kutumia vitu vingine badala ya kobalti, na wateja wale hawakurudi wote. Gécamines yenyewe iliendelea kutoa shaba nyingi mpaka karibu tani 476,000 mwaka 1986, halafu ikaporomoka mpaka karibu tani 30,000 mwaka 1994. Hapo hakukuwa tena na cha kukazia wala cha kulegezea.

Karne hii mpya ilileta wanunuzi wapya. Mwaka 2008 serikali ya Joseph Kabila iliweka sahihi na makampuni ya China mkataba wa Sicomines: migodi kwa barabara. Jumla ilisemwa kuwa dola bilioni 9, sita za barabara, reli na hospitali, tatu za mgodi. Wachina asilimia 68, upande wa Kongo asilimia 32. Shirika la Fedha la Kimataifa likasema hapana: nchi inayoomba kufutiwa madeni haiwezi kuchukua deni lingine kubwa lenye dhamana ya serikali. Kinshasa ilikaza kwa mwaka mzima na zaidi, halafu mwezi wa kumi, 2009, ikalegeza. Bilioni tatu za miundombinu ziliondolewa. Mwezi wa saba, 2010, Kongo ikafutiwa madeni ya zaidi ya dola bilioni 12. Wako wanaohesabu hiyo kuwa biashara nzuri. Wako wanaohesabu barabara ambazo hazikujengwa. Mwaka 2024 mkataba uleule ulifunguliwa tena, na fedha za miundombinu zikapandishwa mpaka dola bilioni 7, kwa malipo ya kila mwaka yanayotegemea bei ya shaba. Sehemu ya hisa, 68 kwa 32, haikuguswa.

Mwezi wa tatu, 2018, Kabila alikaa karibu saa sita Kinshasa na wakuu wa makampuni makubwa ya madini. Walikuja wenyewe, wakuu wa Glencore, Ivanhoe na Randgold miongoni mwao. Walikuwa na karatasi nzuri mkononi: kanuni ya madini ya 2002 iliwaahidi kwamba sheria ikibadilishwa, kwao haitabadilika kwa miaka kumi. Siku mbili baadaye, tarehe 9, rais aliweka sahihi kanuni mpya. Mrabaha wa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 mpaka 3.5, na kobalti, iliyotangazwa baadaye kuwa madini ya kimkakati pamoja na koltani, ikapandishwa mpaka asilimia 10. Makampuni yalilalamika, yalitishia mahakama. Hayakuondoka. Bei ya kobalti ilikuwa juu kabisa mwezi ule, magari ya umeme yalikuwa yanasubiriwa, na mashimo yaliyogharimu mabilioni hayapakiwi ndani ya kontena. Safari hii, aliyekuwa na sambaza alikuwa mwekezaji.

Ukali mwingine wa Kabila unakumbukwa vibaya zaidi, na walioulipia wanaishi kati yetu. Mwezi wa tisa, 2010, alisimamisha kazi yote ya uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Miezi miwili kabla, Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayoyataka makampuni yake yaeleze kama madini yao yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo. Lengo lilikuwa kuwakata mikono wenye bunduki. Lakini Walikale, ndege zilizokuwa zikitua barabarani Kilambo ndizo zilizoleta sabuni, chumvi na mafuta, zikarudi Goma zimebeba kasiteriti. Kasiteriti ilipokatazwa, ndege hazikuwa na sababu ya kuja. Mchimbaji alikosa kazi, mama muuzaji alikosa mteja, shule ilikosa karo. Wenye silaha walijua njia za usiku. Amri iliondolewa tarehe 10 mwezi wa tatu, 2011. Katika kila mjadala wa kukaza au kulegeza, ni vigumu kuona nani aliyewauliza watu wa Walikale wanaweza kungoja siku ngapi.

Tukirudi sasa kwenye kobalti ya 2025, inaonekana kwa nini hatua ile haikuwa wazimu, na kwa nini haikuwa salama pia. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Hata CIPEC nzima haikuwahi kuwa na sehemu kama hiyo. Bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa ratili, chini kuliko miaka mingi iliyopita, kwa sababu madini yalimwagwa sokoni bila kipimo. Muuzaji ambaye bei yake iko chini kiasi kile hapotezi kingi akifunga duka kwa muda. Tena, kobalti ya Kongo inatoka pamoja na shaba, na shaba iliendelea kuuzwa, kwa hiyo hazina haikukauka kama mwaka 1967. Kusimamishwa kuliongezwa miezi mitatu. Makampuni yenyewe yaligawanyika: Glencore haikupinga mpango wa kugawa kiasi, CMOC ya China ilitaka mlango ufunguliwe. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, mlango ulifunguliwa nusu: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka 2026 na tena kwa 2027. Bei ilipanda.

Wakati huohuo, Indonesia inaongeza kobalti yake kila mwaka, na China inatengeneza betri za magari zisizokuwa na kobalti hata kidogo. Watu wa sumaku wa 1978 wana wajukuu.

Kuna sehemu moja ya kanuni ya 2018 ambayo haikupata kelele kubwa katika zile saa sita za Kinshasa, nayo inahusu kila shefri, sekta na mji wenye mgodi wa kampuni. Mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambalo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hizo 15 zinatakiwa kufika moja kwa moja kwenye akaunti ya eneo, bila kupita Kinshasa. Katika teritwari za mashariki, ambako maeneo mengi yako chini ya wenye bunduki na wakaaji wake wako katika shule, makanisa na nyumba za jamaa mbali na nyumbani, shefri kadhaa leo zina haki hiyo kwenye karatasi na hazina ofisi ya kuipokelea.